Kabla hamjaanza kumlipa mkutubi kwa michango, someni yaliyotukuta sisi

Ndugu mleta mada, msikabidhi hiyo hundi. Najua kwamba kwa adabu za jukwaani ningepaswa kuanza kwa kupongeza juhudi zenu, na kweli zinastahili pongezi, lakini nimesoma ujumbe wako mara tatu tangu jana, na kila mara nimeona miguu yangu mwenyewe ikielekea kwenye shimo lile lile.

Kwa faida ya watakaosoma jibu hili bila kurudi juu, mleta mada ameeleza kwamba halmashauri yao imetangaza kupunguza siku za kufungua maktaba kwa kukosa fedha za mshahara wa mkutubi wa pili na za umeme. Kikundi chao cha marafiki wa maktaba kimechangisha kiasi kinachotosha kulipia vyote viwili kwa mwaka mmoja, "ili halmashauri ipate muda wa kujipanga", na hundi itakabidhiwa mwisho wa mwezi. Ameuliza mambo matatu: wachangiaji wafanyiwe nini ili wasichoke, kikundi kisajiliwe rasmi au kibaki kamati ya kawaida, na maboksi ya vitabu wanayoahidiwa kila wiki wayapokee au wayakatae. Nitayafikia, isipokuwa hilo la usajili, ambalo nawaachia wanaolijua zaidi. Naomba nianze na jambo ambalo hakuuliza, kwa sababu wakilikosea hilo, hayo matatu hayatakuwa na kazi tena.

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi kama chenu kwa miaka minne. Maktaba yetu ilikuwa ya ukumbi mmoja na wakutubi wawili, wa kwanza akiwa na ajira ya kudumu ya halmashauri na wa pili akiwa na mkataba uliohuishwa kila mwaka. Ulipofika mwaka ambao mkataba huo haukuhuishwa, siku za kufungua zilishuka kutoka sita hadi tatu, nasi tukafanya hasa kile mnachotaka kukifanya ninyi: tukachangisha mshahara wa miezi kumi na miwili pamoja na fedha za umeme, tukaikabidhi halmashauri kwa mikono miwili huku mpiga picha akituhimiza tusogeleane. Picha hiyo ipo hadi leo. Mimi ni yule wa pembeni mwenye fulana ya kikundi, ninayetabasamu kama mtu aliyeokoa kitu. Chekeni mmalize, kisha tuendelee.

Waliotufikisha hapo walikuwa wawili, na sitawataja, ingawa majina yao nayakumbuka kuliko ya wajomba zangu. Wa kwanza alikuwa mshauri wa uchangishaji aliyeletwa kutupa mafunzo ya siku mbili, mtu mwenye slaidi za kupendeza na sauti ya kubembeleza, ambaye alitufundisha kwamba wanajamii wakitangulia kutoa, viongozi wataona aibu na kuwafuata. Nimekuwa na miaka ya kutosha kuitafakari kauli hiyo, na sijaona hata tone la ukweli ndani yake. Kiongozi uliyemtua mzigo haoni aibu, anaona nafuu, na kesho yake anatafuta mzigo mwingine wa kukutwisha. Mshauri wetu bila shaka hakuwahi kukaa katika kikao kimoja cha bajeti tangu azaliwe. Posho yake ilitoka kwenye michango yetu, na katika kitabu changu chote cha stakabadhi, hiyo ndiyo ambayo nikiifikia mkono unanishika kutaka kuichana. Wa pili alikuwa ofisa wa halmashauri aliyetuambia, "Tushikeni mkono mwaka huu tu, mwakani tunairudisha kwenye bajeti." Huyu simwiti mwongo, kwa kuwa huenda alikuwa akiyaamini aliyoyasema. Tatizo ni kwamba miezi minane baadaye alihamishwa, na aliyechukua nafasi yake, tulipomfuata kumkumbusha, alifungua faili, akapekua kurasa zote kwa subira, akaifunga na kutuambia kwa upole kabisa kwamba haoni kitu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri kiasi cha kutulevya. Mlango ulifunguliwa siku sita, waazimaji waliongezeka, watoto walikuwa wakigombea viti vya karibu na dirisha. Mwaka huo huo, makisio ya bajeti ya mwaka uliofuata yalipotoka, tulikaa wanne kwenye meza ya nyuma ya maktaba na nakala yetu, tukawa tunafuata mistari kwa kidole. Tukaifikia kasma ya maktaba, yaani fungu lake kwenye bajeti. Kwenye safu ya mwaka uliopita kulikuwa na tarakimu, kwenye safu ya mwaka ujao kulikuwa na kistari, na kwenye safu ya maelezo kulikuwa na maneno manne: "Gharama inabebwa na wadau." Mwenyekiti wetu alisoma kwa sauti, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba mimi ni mdau.

Hapa ndipo naomba uende taratibu, kwa sababu watu wengi wakisikia habari hii hudhani tulifanyiwa hila. Haikuwa hila. Bajeti nyingi za mamlaka za umma hujengwa juu ya matumizi ya mwaka uliotangulia, na anayepanga makisio huwa na maombi mengi kuliko fedha: barabara, zahanati, maji, taka, kila idara ikilia kwa sauti yake. Akikuta kasma ambayo haikutumika, na huduma ikaendelea vizuri tena ikawa bora kuliko mwanzo, anachokiona mbele yake ni ushahidi kwamba fedha hizo hazihitajiki, na ushahidi huo tumempelekea sisi wenyewe ukiwa na picha. Kasma ikishafutwa, kuirudisha si kazi ya kuendeleza kitu kilichopo tena. Ni ombi jipya, linalopanga foleni nyuma ya maombi mapya yote, na la kwetu lilikuwa na udhaifu mmoja zaidi: kila aliyelisoma aliuliza kwa nini wadau wameacha kubeba.

Mwaka wa pili tulichangisha kwa jasho maradufu tukapata nusu. Mtu hutoa kwa moyo mweupe mara ya kwanza kwa sababu kuna dharura, na pia kwa sababu anatarajia kuona rafu mpya, kona ya watoto, au angalau kibao chenye majina ukutani. Hakuna anayepita mtaani akajisifu kwamba amelipia umeme wa mwezi wa Juni. Mwaka wa tatu tulikuwa tukibisha hodi kwa watu wale wale, nao walikuwa wamejifunza kutuona tukiwa mbali.

Yote hayo ningeweza kuyasimulia kwa kicheko, isipokuwa suala la mkutubi. Kwa kuwa fedha zake zilikuwa zikipitia kwetu, na makusanyo yetu yalikuwa yakichelewa, mshahara wake ulianza kuchelewa, kwanza wiki, halafu mwezi, halafu miwili. Siku moja alasiri alinijia akiwa na daftari lake la mahudhurio, akalilaza juu ya meza ya kuazimia vitabu, akauliza bila hasira yoyote: "Mweka hazina, naomba uniambie, mimi nimeajiriwa na nani?" Halmashauri ilikuwa ikisema ni mtu wa kikundi. Sisi tulikuwa tukisema ni mtu wa halmashauri aliyefadhiliwa na kikundi. Michango yake ya uzeeni haikuwa imepelekwa popote kwa miaka miwili na nusu, likizo hakuwahi kulipwa, na barua ya ajira yenye sahihi inayoeleweka hakuwa nayo. Alikuwa anajua kila mtoto ameishia ukurasa wa ngapi. Aliondoka mwishoni mwa mwezi ule, na siku tatu za kufungua zikarudi, kisha zikawa mbili, chini ya pale tulipoanzia. Ukifungua leo vitabu vya watoto vya maktaba ile na kutazama karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ya jalada, utaona mihuri ikibanana safu mbili nzima, kisha ghafla karatasi nyeupe.

Katika kila kikao nilikuwa na kawaida ya kuwakumbusha wenzangu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu, nalisema bila kujisifu, lilikuwa safi hadi kwenye chenji. Mali yetu ilipotea ikiwa na habari kamili, imeorodheshwa, imepigwa mihuri na kukaguliwa.

Kilichoniuma zaidi baadaye ni kugundua kwamba jambo hili lilishafahamika kabla babu zetu hawajazaliwa. Uingereza ilipopitisha sheria yake ya maktaba za umma mwaka 1850, iliruhusu miji itoze kodi ndogo ya nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali, na fedha hizo zilikuwa za jengo na watumishi tu, kwa maana vitabu vilitarajiwa kutoka kwa wahisani. Kugawa vile kulikuwa na kasoro, na mwaka 1855 kiwango kilipandishwa hadi peni moja na vitabu vikaruhusiwa kununuliwa kwa kodi. Lakini tazama waliuweka wapi mzigo wa kudumu: mtu anayefungua mlango asubuhi alilipwa na umma, mhisani akaachiwa kile ambacho kikikosekana mwaka mmoja maktaba haifungwi. Ninyi mnataka kupindua mpango huo juu chini, kama tulivyoupindua sisi. Hata Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, ambaye kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500, zikiwamo 1,689 Marekani peke yake, hakuwa akimpa mtu jengo bure kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida mji ulitakiwa utoe kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kutoka fedha za umma, asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya uendeshaji. Huyo ndiye aliyekuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa dunia, na alikataa kulipa mishahara ya wakutubi wa watu. Sisi, tuliokuwa tukipita na bahasha nyumba kwa nyumba, tukakubali. Isitoshe, pamoja na masharti yote hayo ilikuja kubainika kwamba miji kadhaa haikutimiza ahadi zake, na mwaka 1917 shirika lake likaacha kuidhinisha maombi mapya ya fedha za majengo ya maktaba. Ikiwa ahadi iliyoandikwa kwa Carnegie iliweza kuvunjwa, hiyo mliyopewa ninyi kwa mdomo mlangoni mwa ofisi ina uzito gani?

Sasa nifike kwenye kanuni yangu moja, ambayo nimeinunua kwa bei niliyoieleza na naigawa bure: fedha za wanajamii ziongeze juu ya fedha za umma, zisikae mahali pake, na jambo hilo liwe limeandikwa na kupitishwa kabla senti ya kwanza haijavuka meza. Sikuitunga mimi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayogawa fedha za serikali kuu kwa maktaba kupitia majimbo ina sharti la aina hii: jimbo linalopunguza matumizi yake lenyewe kwa maktaba, yakilinganishwa na wastani wa miaka mitatu iliyotangulia, hupunguziwa nalo mgawo wake kwa uwiano huo huo. Serikali inailinda fedha yake dhidi ya serikali nyingine. Kikundi chenye kitabu kimoja cha stakabadhi kina sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Kwa hiyo kaeni mwandike makubaliano ya ukurasa mmoja. Chukueni matumizi halisi ya maktaba kwa miaka mitatu iliyopita, mtafute wastani, muuite kiwango cha chini. Andikeni kwamba mchango wa kikundi utatolewa katika mwaka ambao halmashauri imetenga na kutumia si chini ya kiwango hicho, na kwamba ikishuka, mchango nao unashuka au unasimama. Nasisitiza kutumia, kwa sababu kasma inaweza kutengwa vizuri kwenye karatasi na isitolewe hata robo. Andikeni pia kwamba fedha zenu haziendi kwenye mshahara wa nafasi ya kudumu, umeme, maji wala pango. Kisha, na hapa ndipo sisi tulipokwama, msikubali barua ya ofisa hata kama ina muhuri mkubwa kama sahani. Takeni azimio la baraza lililoingia kwenye muhtasari wa kikao, lenye namba na tarehe, kwa maana ofisa huhama na kumbukumbu zake lakini muhtasari hubaki kwenye faili ukimsubiri mrithi wake.

Nasikia tayari swali la wenzako, kwa kuwa wenzangu nao waliniuliza: je, tukae na fedha benki huku mlango ukifungwa? Swali hilo linauma na sina jibu la kulilainisha. Ndiyo, kaeni nazo, na mzifanye zionekane. Iandikieni halmashauri kwamba kiasi fulani kipo kwenye akaunti na kwamba siku kasma ya mkutubi wa pili itakapopitishwa, kiasi hicho kitafungua maktaba Jumamosi jioni, au kitanunua vitabu vya watoto, au kitatengeneza paa la chumba cha kusomea, chochote ambacho hakikuwapo na ambacho kikiisha hakimwachi mtu bila mshahara. Mbele ya baraza, fedha ambayo haijatolewa inaongea, iliyokwisha kutolewa imenyamaza. Kikundi kimoja nilichokuja kukifahamu baadaye, baada ya akili kunijia kwa kuchelewa, kilikaa mlangoni kwa mwezi mzima na karatasi ya mistari, kikichora kijiti kimoja kwa kila aliyeingia, saa kwa saa, na kijiti cha rangi nyingine kwa kila aliyekuta pamefungwa akageuka. Walikwenda kwenye kikao cha bajeti na karatasi hizo, wakawakabidhi wajumbe zile za kata zao. Hawakutoa hotuba. Kasma yao ilipunguzwa kidogo lakini haikufutwa, na mkutubi wao yupo.

Najua pia atatokea mtu hapa chini aseme kwamba suluhisho ni watu wa kujitolea waendeshe maktaba wenyewe. Uingereza, baada ya makato ya bajeti ya miaka ya 2010, mamia ya maktaba yamekabidhiwa kwa vikundi vya wanajamii kwa namna hiyo au inayofanana nayo, na baadhi yanakwenda vizuri kwa sababu yamezungukwa na wastaafu wenye muda na ujuzi. Kujitolea kusimulia hadithi kwa watoto ni jambo jema, na nimelifanya vibaya mimi mwenyewe kwa miaka miwili. Lakini Ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba) na UNESCO kuhusu maktaba za umma, ile ya mwaka 1994 na ile iliyohuishwa mwaka 2022, inasema waziwazi kwamba maktaba ya umma ni wajibu wa mamlaka za mitaa na za taifa, igharimiwe na serikali hizo chini ya sheria mahususi. Chapisheni kipengele hicho mwende nacho kikaoni. Ni bora mnukuu ilani kuliko kulia.

Kuhusu vitabu vya maboksi, kwa ufupi: pokeeni mnavyovihitaji na mkatae vingine kabla havijateremshwa, kwa sababu kitabu kikishaingia ndani kukitoa ni kikao. Tulipokea maboksi arobaini na moja. Vilivyofika rafuni havikujaza hata manne, na vilivyobaki vilikuwa miongozo ya programu za kompyuta zilizokwisha kusahaulika na juzuu za kamusi elezo zisizokuwa na herufi M. Nani alikuwa nayo hiyo M, sijui, lakini namtakia usomaji mwema.

Kuhusu wachangiaji kuchoka, huchoka upesi wanapolipia kitu kilichokuwa kikilipiwa tayari, kwa hiyo tunarudi pale pale. Mkiweka sharti la kiwango cha chini, mtakuwa na jambo la kuwaonyesha kila mwaka: halmashauri imetoa hiki, ninyi mmeongeza hiki, na hiki hapa ndicho kilichoongezeka, kiguseni. Tungekuwa na sentensi hiyo mwaka wa pili, nisingejifunza kutambua mlango wa nani una kitasa kinachofungwa kimyakimya ukibisha.

Umeandika kwamba mgeni rasmi ameshaalikwa na mfano wa hundi kubwa ya kupigia picha umeshachapishwa. Uwekeni stoo, karatasi ngumu haiozi. Mwambieni mgeni rasmi kwamba hafla imesogezwa hadi baada ya kikao cha bajeti, na kama ni mjumbe wa baraza, mpeni rasimu ya azimio aipeleke yeye. Halafu leo hii, kabla ya kikao chochote, nendeni mkamwulize mkutubi wenu wa pili kama mkataba wake anao mkononi, unaisha lini, na una sahihi ya nani.